Kompyuta ya Chama: Kuinunua Dukani au Kuagiza Iletwe?

Makatibu na waweka hazina wa vyama vya wakulima hufika mara kwa mara katika ofisi yetu ya kilimo hapa Navakholo, nao huwa na swali moja. Chama kimekata shauri kununua kompyuta ya mezani. Je, yafaa waende Kakamega waichukue dukani kwa mikono yao, au waagize kutoka Nairobi, au hata kutoka ng'ambo, iletwe kwa gari? Bila shaka wenzetu walio katika skimu za Lugari, Lumakanda na kwingineko wana swali hilohilo, na kwa hiyo nimeona vema nilijibu kwa kirefu katika ukurasa huu.

Kwanza mtu asidhani kwamba kompyuta ni anasa ya watu wa mjini. Orodha ya wakulima wanaopata mbolea ya bei nafuu imetiwa katika mitambo ya Serikali tangu mwaka 2023. Tena tangu Januari 1, 2024, gharama nyingi za biashara hazikubaliwi na Mamlaka ya Mapato wakati wa kuhesabu kodi ikiwa hazina ankara ya eTIMS. Chama kinachouza maziwa, mahindi au miwa ya wanachama wake hakina budi kuweka hesabu zinazosomeka. Ni kweli kwamba simu yaweza kufanya baadhi ya kazi hizo, lakini kuandika hisa za wanachama 200 kwa simu ni kama kulima ekari nzima kwa kijiko.

Basi tuingie katika shauri lenyewe. Wazee waliopewa mashamba ya skimu katika miaka ya 1960 walichukua mikopo wakanunua ng'ombe wa gredi, na wengi wao waliwasimulia watoto wao habari za ununuzi ule. Mtu aliyekwenda mwenyewe kumchagua ng'ombe alimtazama kiwele, akamwona akitembea, akauliza amezaa mara ngapi. Aliyeletewa kwa lori alipokea yule aliyeshuka. Pengine alikuwa mzuri kuliko wote, pengine alikuwa na chuchu tatu, lakini fedha zilikuwa zimekwisha kutoka. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo, ila ng'ombe mgonjwa huonekana kwa macho, na kompyuta mbovu yaweza kung'aa kama mpya.

HASARA YA NJIANI NI YA NANI?

Watu wengi wanapolinganisha njia hizi mbili hutazama bei peke yake. Mimi naona tofauti kubwa iko mahali pengine. Kitu kikiharibika baada ya kutoka mkononi mwa mwuzaji na kabla ya kufika mezani kwenu, ni nani atakayelipa?

Ukinunua dukani jibu ni rahisi. Umeiona ikiwaka, umeipokea, umeibeba. Ikianguka kutoka katika pikipiki pale njia panda, utajua ni nani wa kulaumiwa. Lakini ukiagiza iletwe, kuna mtu wa tatu katikati, yaani mwenye gari. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yasema kwamba mwuzaji akiruhusiwa au akitakiwa kukupelekea mali, basi kumkabidhi mchukuzi mali ile huhesabiwa, kwa kawaida, kuwa ni kukukabidhi wewe mnunuzi. Someni tena maneno hayo pole pole. Maana yake ni kwamba mzigo ukiisha kupakiwa Nairobi, yaweza kuhesabiwa kwamba mmekwisha kuupokea, ingawa ninyi mko shambani mkipalilia na hamjauona. Ni kweli sheria hiyohiyo yamtaka mwuzaji afanye mapatano ya busara na mchukuzi, na pia yakupa nafasi ya kukagua mali ambayo hukuiona kabla, ndipo ihesabiwe kuwa umeikubali. Hata hivyo, dawa iliyo bora ni kuandikiana. Sentensi moja tu yatosha: “Mali itakuwa juu ya mwuzaji mpaka itakapofika Navakholo na kuwashwa mbele ya mnunuzi.” Mwuzaji akikataa kuandika maneno hayo, mmekwisha kujua jambo ambalo hakutaka kuwaambia.

Kikundi kimoja cha akina mama katika eneo letu kiliagiza kompyuta kwa njia ya simu kutoka kwa mwuzaji ambaye hawakupata kumwona. Sanduku lilifika jioni, mvua ikinyesha, na mwenye gari akiwa na haraka. Mweka hazina akatia sahihi katika karatasi iliyosema kwamba mzigo umepokelewa ukiwa salama. Walipofungua asubuhi, kioo kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe. Mwuzaji alisema gari ndilo lililovunja. Mwenye gari akaonyesha sahihi. Ile ilikuwa fedha ya kuku na mboga iliyowekwa senti kwa senti, na mwishowe akina mama walichanga tena wakanunua kioo kingine.

Sasa tutazame bei, maana najua kwamba ndiyo inayovuta watu. Nitatumia hesabu ya mfano tu, nanyi mtaweka bei zenu. Tuseme kompyuta ya Kakamega ni shilingi 32,000 na ya namna ileile Nairobi ni shilingi 27,500. Tofauti ni shilingi 4,500. Toa kodi ya mzigo shilingi 800, na nauli ya kwenda kuuchukua shilingi 300. Faida iliyobaki ni shilingi 3,400. Hiyo si fedha ya kudharau. Lakini ikifika na kasoro, mtalipa shilingi 300 kuifikisha stendi, 800 kuirudisha Nairobi, 800 kuileta tena na 300 kuichukua, jumla 2,200. Faida imekuwa shilingi 1,200, na siku zote hizo hesabu za chama zimekaa bila kuandikwa. Ikirudi mara ya pili, duka la Kakamega limekuwa ndilo la bei rahisi.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Chama kinachonunua kompyuta yake ya kwanza, na ambacho hakina mtu aliyezoea vyombo hivi, kinunue katika mji ulio karibu, ambako mtu aweza kuirudisha kwa matatu na kuonana na mwenye duka uso kwa uso. Kwetu mji huo ni Kakamega. Kwa watu wa Lugari na Likuyani huenda Eldoret au Kitale ikawa karibu zaidi. Kakamega ina wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na penye wanafunzi wengi mafundi wa kompyuta hawakosekani. Fundi aliye karibu ni sehemu ya bei, ingawa haandikwi katika risiti.

Sisemi kwamba kuagiza ni vibaya. Maduka ya miji yetu huwa na aina chache, na mwenye duka hukusifia ile iliyo rafuni kwake. Nairobi, katika Barabara ya Luthuli na mitaa iliyo jirani, maduka ya vyombo vya umeme yamepangana mlango kwa mlango, na mnunuzi aweza kulinganisha kumi kwa saa moja. Chama kinachojua hasa kinachotaka chaweza kupata nafuu huko. Ila kuna njia ya katikati ambayo naipenda kuliko kuagiza kwa simu. Karibu kila chama kina mwanachama mwenye mtoto au ndugu anayefanya kazi Nairobi. Mtu huyo na aende dukani, aijaribu kompyuta, aandike namba yake ya siri iliyobandikwa mgongoni, asimame pale ifungwe mbele ya macho yake, ndipo ipelekwe katika basi. Hapo mmepata bei ya Nairobi na macho yenu wenyewe.

NAMNA YA KUIJARIBU

Sehemu hii nitaikalia kidogo, maana kwenda dukani bila kujaribu ni sawa na kuagiza.

Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zilitumiwa kwanza katika ofisi za Ulaya, na wauzaji huziita “eksi-UK”. Si mbaya kwa kuwa zilitumika. Nyingine ni imara kuliko mpya za bei ya chini. Lakini yafaa mjue umri wake. Uliza prosesa ni ya kizazi gani, wala usitosheke na jibu la mdomo. Bonyeza mwenyewe mpaka uone namba. Ikiwa imeandikwa, mathalan, i5-6500, namba ina tarakimu nne, nawe wasoma ile ya kwanza: ni kizazi cha 6. Ikiwa i5-8500, ni kizazi cha 8. Ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10500, wasoma mbili za kwanza: kizazi cha 10.

Jambo hili lina maana kubwa. Mnamo Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya bure ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 iliyoifuata hukubali rasmi prosesa za Intel kuanzia, kwa jumla, kizazi cha 8. Kompyuta ya kizazi cha 4 au cha 6 itawaka na kuandika barua vizuri tu, lakini kwa njia ya kawaida haitapata kinga mpya dhidi ya virusi na wezi wa siri. Haifai kuwekewa hesabu za fedha za watu. Wauzaji wengine huzishusha bei sana sasa, na wanunuzi hufurahi bila kujua sababu. Kwa kazi za chama, kizazi cha 8 au zaidi, kumbukumbu ya GB 8, na diski ya SSD ya GB 256 vyatosha kabisa. Msidanganywe mnunue kubwa kuliko hiyo kwa ajili ya michezo ya vijana.

Kisha mwambie mwenye duka aiwashe, nawe ukae. Kaa nusu saa, hata kama atakutazama vibaya. Kasoro nyingi za joto hazionekani katika dakika tano za kwanza. Sikiliza kama feni yalia au kama diski ya zamani yagonga tik-tik. Chomeka flashi katika kila tundu, la mbele na la nyuma. Fungua ukurasa mtupu uandike herufi zote za kibodi, kutoka a mpaka z, na namba zote. Tazama kioo kikiwa cheupe chote, kisha kikiwa cheusi chote, uone kama kina madoa. Halafu izime, chomoa waya wa umeme, ngoja dakika chache, uiwashe tena. Ikiwa saa na tarehe zimerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo iliyo ndani, ile ya duara kama sarafu iitwayo CR2032, imekufa. Betri hiyo ni ya bei ndogo, nawe omba itiwe mpya papo hapo. Lakini kuona hivyo ni dalili kwamba kompyuta imekaa muda mrefu, na itazamwe kwa makini zaidi.

Wakulima wanajua kukwangua kibandiko cha mfuko wa mbegu na kutuma namba kwa 1393 ili KEPHIS iwajulishe kama mbegu ni halali. Kompyuta za makampuni makubwa zina jambo linalofanana nalo. Namba iliyo mgongoni yaweza kuandikwa katika tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, nayo mara nyingi hueleza ni ya aina gani na kama dhamana bado yaendelea. Mwenye duka akisema “ina dhamana ya miaka mitatu”, jambo hilo laweza kuhakikishwa kabla hajamaliza chai yake.

YA KUTOKA NG'AMBO

Wengine wana watoto Marekani au Uingereza ambao wako tayari kutuma kompyuta kwa wazazi wao. Ni jambo la kushukuru, lakini yafaa kujua mambo matatu.

La kwanza ni umeme. Umeme wetu ni wa volti 240, na ule wa Marekani ni wa volti 120. Kompyuta nyingi za mezani za siku hizi hupokea umeme wa aina zote mbili bila kubadilishwa. Lakini nyingine, hasa za zamani, zina swichi ndogo nyekundu nyuma, karibu na mahali pa kuchomeka waya, imeandikwa 115 na 230. Ikiletwa kutoka Marekani itakuwa katika 115. Mtu akiichomeka hivyo hapa kwetu, atasikia mlio mmoja kisha aone moshi, na safari yote ya baharini itakuwa bure. Sukuma swichi mpaka 230 kabla waya haujagusa ukuta. Ikiwa haina swichi, soma karatasi iliyobandikwa hapo nyuma: ikisema 100-240, iko salama. Plagi yake nayo haitaingia katika tundu letu la pini tatu, lakini waya wa kubadilisha hupatikana mjini.

La pili ni kodi. Kompyuta yenyewe haitozwi ushuru wa forodha katika jedwali la Afrika Mashariki, na watu wakisikia hivyo hudhani kwamba haina malipo yo yote. Sivyo. Kodi ya VAT ya asilimia 16 hutozwa, tena si juu ya bei peke yake bali pamoja na gharama ya kuisafirisha na bima. Kompyuta ya thamani ya shilingi 40,000 iliyosafirishwa kwa shilingi 10,000 itahesabiwa VAT juu ya 50,000, nayo ni shilingi 8,000. Juu ya hiyo kuna ada ya tangazo la mizigo, ada ya reli, na malipo ya wakala. Mtoto hutuma zawadi, na mzazi huitiwa deni.

La tatu ni dhamana. Dhamana nyingine hufanya kazi katika nchi iliponunuliwa tu. Ikiharibika, itakubidi kuirudisha huko. Mara nyingi yafaa mtoto atume fedha, chombo kinunuliwe hapa.

SIKU MZIGO UNAPOFIKA

Ikiwa mmekwisha kuagiza, mpokeeni mgeni huyu wawili au watatu, mchana, mahali penye umeme. Tazameni sanduku pande zote kabla ya kutia sahihi. Likiwa limebonyea au limelowa, pigeni picha likiwa bado garini. Kama mwenye gari hana nafasi ya kungoja lifunguliwe, andikeni kwa kalamu kando ya sahihi: “Halijafunguliwa, halijakaguliwa.” Maneno hayo mawili yangewaokoa akina mama niliowataja. Kisha pigeni picha za video tangu utepe wa kwanza unapokatwa mpaka kompyuta inapowaka. Pia someni nyuma ya risiti ya mchukuzi, mahali pale penye maandishi madogo, maana makampuni mengi huandika humo kiasi kidogo watakacholipa kama thamani ya mzigo haikutajwa. Tajeni thamani yake kamili wakati wa kuukabidhi, na kama kuna bima ilipeni.

Kompyuta iliyosafiri njia mbaya yaweza kukataa kuwaka bila kuwa imekufa. Vibao vya kumbukumbu vilivyo ndani hulegea kwa kutikiswa, na fundi huvibonyeza tu. Lakini ikiwa ina dhamana, mwulizeni mwuzaji kabla ya kuifungua. Na isichomekwe saa za alasiri wakati mawingu yetu ya radi yamekwisha kukusanyika. Ngojeni yapite.

FEDHA NA RISITI

Kwa njia yo yote mtakayoifuata, msitume fedha zote kwa mtu ambaye hamjui duka lake liko ghorofa gani ya nyumba gani. Picha nzuri katika simu si duka. Lipeni kwa namba ya biashara, na jina litakalotokea katika M-Pesa liwe ni la duka, si la mtu binafsi ambaye “ni meneja”. Wauzaji wengine hukubali kulipwa mzigo ukifika, na hao yafaa kupendelewa hata kama bei yao imezidi kidogo.

Risiti iandikwe jina la chama, si la katibu. Iandikwe aina ya kompyuta, prosesa, diski, namba ya siri, na muda wa dhamana kwa miezi. Risiti isemayo “kompyuta 1” haisemi kitu. Ikiwa kuna ugomvi, Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 46, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, zinawapa wanunuzi haki ya kupata mali ya ubora unaofaa. Tena iko Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na ambayo imewekewa siku 60 za kumaliza kesi. Huhitaji wakili. Lakini wahitaji risiti, na wahitaji kujua mshtakiwa anapatikana wapi.

Kamati ambayo bado haijaamua na ilete hapa ofisini bei ilizoandikiwa na maduka, siku yo yote ya kazi, kabla ya kulipa. Nitazisoma pamoja nao, na hakuna malipo.